Rimu pana, tairi gani? Jibu kwa jamaa wa Rongai

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Fundi habari. Niko Rongai, kilo 82, naendesha baiskeli ya road ya mitumba, fremu ya alumini, breki ni zile za kubana rimu. Magurudumu ya zamani yalikuwa na upana wa ndani mili 15, nilikuwa navaa tairi za 23 na kujaza 110 psi. Sasa nimeuziwa mengine, ndani 21, nje 26. Nyumbani niko na tairi mbili za 25 bado mpya na moja ya 23. Nivae gani? 28 itaingia? Na 32 je, juu naona watu wanasema tairi pana ndio mbio siku hizi? Na presha niweke ngapi?"

Salama ndugu yangu, na pole na matuta ya huko kwenu. Wacha nikupe jibu kwanza ndio usisome yote ukiwa na wasiwasi. Ile 23 usiivae kabisa kwa hizo rimu. Zile 25 zinaingia na zitafanya kazi, ila ujue zikishakaa hapo sio 25 tena. 28 ndio tairi yenye hizo rimu zinataka, na kama itapita ama haitapita hio sio mimi nitasema, ni fremu yako na hio breki yako. 32 sahau, kwa hio fremu.

Sasa maelezo, na hapa nitaenda polepole juu hili swali naulizwa karibu kila wiki na wengi wanakuja kuuliza wakiwa wameshanunua tayari.

Ile namba iko kwa ubavu wa tairi, labda imeandikwa 700x25 au 25-622. Hio 622 ni kipenyo cha pale waya wa tairi unakalia kwa rimu, kwa mili, na hio haibadiliki, ndio maana tairi yoyote ya 700 inaingia kwa rimu yoyote ya 700, nyembamba ama pana. Lakini ile 25 sio kitu tairi imezaliwa nayo. Ni upana wenye tairi inapata ikivalishwa rimu ya kipimo fulani chenye kiwanda kilitumia kupima, na kwa tairi za miaka ya nyuma hizo rimu za kupimia zilikuwa nyembamba, 15 ama 17 hivi. Chukua leso, shika pindo mbili, zilete karibu: kitambaa kinafura juu kama mfuko. Sasa zitenge hizo pindo, kitambaa ni kile kile hakijaongezeka hata uzi, lakini kimetandazika. Tairi ni hivyo tu. Waya mbili za tairi ni pindo za leso, rimu ndio mikono yako. Ukivaa kwa rimu pana mikono imetengana, tairi inapanuka.

Inapanuka kiasi gani? Hesabu ya haraka yenye mafundi tunatumia ni 0.4 ya mili kwa kila mili moja rimu inaongezeka kwa ndani. Tairi yako ya 25, kama ilipimwa kwa rimu ya 17, ukiiweka kwa 21 umeongeza mili 4, kwa hio tairi inaongezeka kama 1.6, inafika 26.6 hivi. Na bado haijamaliza. Juzi nilivalisha mteja 25 mpya kwa rimu ya 21, nikajaza, kalipa ya kupimia ikasoma 26.4, nikaacha gurudumu limening'inia usiku kucha, asubuhi nikapima tena pale pale ikasoma 26.8. Nyuzi za tairi mpya zinajinyoosha. Kwa hio mtu akikuambia amevaa na akapima na inapita, muulize alipima lini.

Ile 23 kwanza, tuitoe njiani. Kuingia itaingia, hata ukijaza itasimama, ndio maana watu wanadanganyika. Shida ni hii: pindo za leso zimetenganishwa sana mpaka kitambaa hakina kimo tena. Tairi inakaa chini, bapa, na ubavu wake unatoka nje umelala kwa ukingo wa rimu. Hapo unakosa vitu viwili. Ukipiga shimo, kati ya lami na chuma hakuna kitu, tyubu inaumwa na kingo mbili za rimu inatoka na pancha ya matobo mawili kama nyoka amekuuma, na rimu yenyewe inapinda mdomo. Halafu ukiingia kona kwa nguvu unaegemea ubavu wenye haukutengenezwa kuegemewa, ule ni kitambaa na raba kidogo tu. Watengenezaji wengi wa rimu za 21 wanaandika tairi ya chini kabisa ni 25, na hapo hawakuwa wanabahatisha. Ukipata karatasi iliyokuja na hizo rimu, ama namba yake ukaitafuta, fuata ile imeandikwa, sio mimi.

Na usione kama ulikuwa mjinga kuendesha 23 miaka yote hio, juu sisi wote tulikuwa huko. Chris Froome, yule bingwa wa Tour de France aliyezaliwa hapa Nairobi 1985 na kuanza mambo ya baiskeli na kocha David Kinjah kule Kikuyu, enzi zake za kuanza 23 kwa presha ya kuvunja mgongo ndio ilikuwa dini. Rimu pana tulianza kuzisikia kwa sana wakati yule marehemu Steve Hed, mtengenezaji wa magurudumu wa Marekani, alitoa zake zenye upana wa nje 23, na watu walicheka, wakisema hio ni rimu ya milima. Leo 23 ni upana wa ndani wa rimu nyingi za road na hakuna anayecheka.

Sasa 28, hapa ndio kuna kazi.

28 kwa rimu yako itapima kama 29, labda na nusu kama ni muundo wa zamani. Kwa rimu yako ya kale ya 15 hio tairi ingekaa kama kibuyu, shingo nyembamba chini, tumbo kubwa juu, na kibuyu ukikisukuma kwa tumbo kinayumba. Ile hisia ya kuingia kona na baiskeli inachelewa kukufuata nyuma, kama imechoka, mara nyingi ni hio. Kwa rimu ya 21 ubavu wa tairi unapanda karibu wima, tumbo limeshikiliwa, kwa hio unaweza kupunguza upepo na bado tairi haiyumbi. Hii ndio faida yenyewe ya rimu pana, sio mbio za kimiujiza. Inakuruhusu kutumia presha ya chini bila kuadhibiwa.

Lakini fremu yako ni ya enzi ya 23 na 25. Watengenezaji wengi wa fremu wanataka nafasi ya mili 4 kila upande kati ya tairi na fremu, na juu pia. Hauhitaji kifaa chochote cha ajabu kupima. Chukua ufunguo wa aleni wa namba 4, yaani unene wa mili 4, ule ule unatumia kwa baiskeli, vaa hizo 25 zako kwa rimu mpya, jaza, halafu pitisha aleni kati ya tairi na fremu sehemu nne: chini karibu na pedeli pale mabomba mawili ya nyuma yanakaribiana, juu chini ya breki ya nyuma, juu ndani ya foko chini ya breki ya mbele, na kando kando ndani ya foko. Zungusha gurudumu pole pole ukiwa umeshikilia aleni pale, juu rimu inaweza kuwa imecheza kidogo. 25 yako hapo iko karibu 27. 28 itakuwa 29, yaani itakula mili moja zaidi kila upande, na juu itapanda zaidi ya hio, hesabu mili 2 ndio usijute. Kwa hio kama kwa pembeni aleni ya 5 inapita na hii 25, na juu ya 6, 28 itakaa vizuri. Kama aleni ya 4 yenyewe inapita kwa kukwaruza, nunua tu 28 ukijua utaichukia siku ya kwanza mvua inanyesha Limuru na ule udongo mwekundu unajaa hapo katikati kama simiti.

Kwa baiskeli kama yako mara nyingi sio fremu inakataa, ni breki. Zile breki fupi za road, nazo tunaziita kalipa, zina mkono (kutoka bolti mpaka pedi) wa mili 39 mpaka 49, na daraja lake linakaa chini kabisa, karibu na tairi. Breki za Shimano za juzi juzi kama 105 R7000 wameandika zinakubali mpaka 28. Za zamani zaidi zilitengenezwa dunia ikiwa 23 na 25, zingine zinapitisha 28 kwa bahati na zingine zinakwaruza. Kuna breki za mkono mrefu, 47 mpaka 57, lakini hizo zinaingia tu kama fremu ilitobolewa kwa ajili yake, usinunue ukidhani unabadilisha tu.

Na hata bila 28, breki utaigusa. Rimu yako mpya nje ni 26, na zile za 15 kwa ndani kawaida nje zilikuwa kama 20. Ukitumbukiza gurudumu jipya vile breki iko, pedi zitashika rimu hapo hapo. Legeza waya, panga pedi upya zikae katikati ya njia ya breki, zisiguse tairi hata kidogo, nasema hata kidogo juu tairi ikishapanuka ubavu unashuka karibu na pedi na pedi inakula ubavu kimya kimya mpaka siku inapasuka. Angalia pia mikono ya breki ikibana haijafunguka sana mpaka inasukuma vibaya. Na ukiwa na 28, gurudumu linaweza kukataa kupita kati ya pedi hata ukifungua kile kiwiko cha breki, hapo utatoa upepo kwanza, uvae, ndio ujaze ndani ya baiskeli. Ni usumbufu, lakini sio dhambi. Na uchague gurudumu la spea lenye upana karibu sawa, ama kila pancha utakuwa unapanga breki kando ya Magadi Road na matatu zinakupigia honi.

Sasa kuna kitu hukuuliza na nitakuambia kwa sababu kilinipata mwenyewe. Ukanda wa ndani ya rimu, ule wa kufunika matobo ya spoki. Miaka kadhaa nyuma nilinunua rimu zangu za kwanza za ndani 21, nikaona ukanda wa ile ya zamani bado mzuri, nikauhamisha. Ulikuwa wa mili 16. Ukanda ukakaa katikati, unafunika matobo, nikaona sawa. Nikajaza 95 usiku, nikaegemeza baiskeli kwa mlango nikalala. Saa nane na kitu, bam! Mama watoto aliruka, jirani wa juu akapiga simu kuuliza kama tumesikia risasi. Nilipofungua tairi, ukanda ulikuwa umeteleza upande mmoja, tobo la spoki nusu wazi, tyubu imejisukuma humo ndani kama ulimi na ikapasuka kwa ukingo wa tobo. Rimu pana inahitaji ukanda mpana, wa kufika karibu ukuta hadi ukuta. Kwa 21 usipungukiwe na 19 kama unatumia tyubu, na kama unaenda tyubulesi, yaani tairi bila tyubu, tumia teipu yake ya 23 ama 25 inayopanda kidogo kwa kuta. Na tyubu pia ibadilishe, ile imeandikwa 18 mpaka 25 utaivuta sana ndani ya 28, inakuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Chukua ya 25 mpaka 32.

Pia kabla ya yote, pitisha kidole ndani ya ukingo wa rimu. Ukivuta kwenda juu ukasikia kijino kinashika ukucha, hio ni kulabu, inashikilia tairi, na kwa rimu za breki ya kubana nina uhakika karibu wote kwamba utaipata. Ukingo ukiwa umenyooka tu kama ukuta, hio rimu haina kulabu na mambo yake ni mengine kabisa: presha isivuke bar 5, ambayo ni 72.5 psi, na tairi lazima mwenye kuitengeneza awe amesema inakubali rimu kama hizo. Hata waliobobea wamebishana hapo. Februari 2024 kwa mashindano ya UAE Tour, mwendesha baiskeli Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka na tairi ikatoka kwa rimu isiyo na kulabu, wengine wakasema alipiga jiwe, lakini mjadala wote ukageukia tairi ya 28 kwa rimu ya ndani 25, wakati ETRTO, wale wa Ulaya wanaoweka vipimo vya tairi na rimu, walikuwa wameandika kwa rimu kama hio tairi isipungue 29. Mili moja tu. Ndio uone kwa nini nakwambia pima. Kwa kilo zako, tairi ya 25 kwa rimu isiyo na kulabu singekubali kukuvalishia hata ukinilipa mara mbili, juu presha yenye ungehitaji ndio usipate pancha za kuumwa inapita pale pa kuruhusiwa.

Haya, presha, na hapa naomba unisikize juu najua 110 imekuingia kwa damu.

Kile kinafanya tairi ihisi ngumu sio presha peke yake, ni presha mara upana. Nyuzi za tairi zinavutwa kwa hio hesabu. Ile 23 yako kwa 110 ilikuwa inavutwa sawa na tairi inayopima 29 ikiwa na 87. Yaani ukiweka 110 kwa 28, umeweka kitu kigumu kuliko kile ulikuwa nacho, na sukuma yake kwa kuta za rimu ni kubwa zaidi, na rimu pana nyingi zina kikomo cha presha kimeandikwa kwa stika, kisome. Na kwa hewa, duara la 29 ndani yake lina nafasi kama asilimia 59 zaidi ya duara la 23, piga hesabu mwenyewe, 29 gawa kwa 23 halafu uzidishe kwa hio hio. Hewa nyingi, hauhitaji kuikaza.

Wewe kilo 82, baiskeli na chupa za maji weka 11, uko 93. Kwa 28 na tyubu anza na 74 nyuma na 70 mbele. Kama utabaki na 25, ambayo kwa kweli ni 27, anza na 84 nyuma na 80 mbele. Hizo ni za lami ya kawaida, kama Southern Bypass ama Magadi Road ukishapita Kiserian unaenda Kona Baridi. Siku ya Kikuyu na Limuru kwa zile njia za mashamba ya chai zenye viraka juu ya viraka toa 4 kila upande. Halafu endesha njia moja unayoijua kila wiki na usikilize. Ukipiga tuta ama shimo na ukasikia rimu yenyewe inalia "tang", ongeza 3. Mikono ikikufa ganzi kabla ya nusu saa, toa 3. Baada ya Jumapili tatu utakuwa na namba yako na hautahitaji yangu.

Ila tumia geji moja. Geji ya pampu ya nyumbani na ya rafiki yako zinaweza kutofautiana mpaka ukashangaa, lakini ya kwako ikikosea inakosea vile vile kila siku, kwa hio bado inakusaidia. Ile kompresa ya fundi wa boda kando ya stendi usimpe tairi ya road bila kusimama hapo, ile inajaza kwa sekunde na yeye anaangalia simu. Na kwa vavu nyembamba yako utahitaji kile kiunganishi kidogo cha shaba, nunua viwili, kimoja kitapotea.

Kuna mmoja aliniuliza, na ni swali tamu, kama akijaza Mombasa akakuja na baiskeli kwa basi mpaka hapa presha itabadilika. Inabadilika, juu hapa tuko juu kama mita 1,700 na hewa ya nje ni nyepesi, kwa hio geji itasoma zaidi kwa kama 2.6 psi. Lakini Nairobi ni baridi kuliko Mombasa, na digrii 10 zikishuka tairi inapoteza karibu hio hio. Zinakulana. Hakukosea kutoka Mombasa bila kugusa pampu, ila hakujua.

Hio ya pana ndio mbio. Ukweli uko katikati. Kwa barabara laini kabisa kama ya velodromu, ule uwanja wa mbio za baiskeli, tofauti ni ndogo, lakini kwa lami yetu ya kweli, ile ya kokoto kubwa, tairi ngumu nyembamba inakurusha juu na chini na nguvu zako zinaishia kutikisa mwili wako badala ya kwenda mbele, na hapo pana inashinda wazi. Kwa upepo hali inageuka. Josh Poertner, aliyekuwa kampuni ya magurudumu ya Zipp kabla ya kwenda ile ya pampu, Silca, ndiye aliyetuachia ile kanuni ya 105: rimu kwa nje iwe angalau asilimia 105 ya tairi ikishapimwa, ndio upepo upite tairi na rimu bila kuvurugika. Rimu yako nje ni 26, kwa hio tairi ingepaswa kupima karibu 24.8, na hata 25 yako imeshavuka. Na mimi nasema wacha ivuke. Hio kanuni ni ya rimu ndefu za kaboni na mtu anayeenda 45 peke yake dhidi ya saa. Wewe unapanda kutoka Rongai ukiwa 18 kwa saa na lori la kokoto mbele, upepo hauna habari nawe.

32 kwa hio fremu itagusa, mahali fulani lazima iguse, na hata kama kwa muujiza isiguse siku ya kwanza, utasimama kwa pedeli mlimani, gurudumu litajipinda kidogo, na utaanza kusikia raba inachora rangi ya fremu. Kama roho inataka 32, hio ni fremu nyingine ya breki za diski, na hayo ni mazungumzo ya pesa.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Usitupe zile 25. Vaa zote mbili wiki hii, jaza, ziache zilale siku nzima, pima na kalipa hata ile ya plastiki, halafu aleni zako sehemu zile nne. Mara nyingi kwa baiskeli za enzi hio utakuta mbele kuna nafasi na nyuma chini ya breki hakuna, ama kinyume. Kama mbele tu ndio inaruhusu, weka 28 mbele na 25 nyuma na hakuna kitu umekosea, mbele ndio inashika kona na ndio inaumiza mikono. Kama nyuma tu ndio inaruhusu, weka huko, juu nyuma ndio imebeba uzito wako mwingi. Kama zote zinakubali basi nunua 28 mbili za aina moja, na zile 25 ziwe spea.

Na ile 23 kama bado nzima, usiikate. Kuna vijana wengi bado wanaendesha rimu za 13 na 15 na hizo tairi zimeanza kuadimika dukani. Uliza Jumapili mkiwa njiani, haitafika jioni bila mwenyewe.